Maji ya Homa: Tarikhi ya Kuogea Siha Kusini mwa Nyanza

Katika tarikhi ya mahoteli ya kando ya maji nchini Kenya, sahili ya kusini ya ziwa la Nyanza, yaani nchi ya Homa Bay na Migori ya leo, imepewa mistari michache mno. Na mtu akiuliza sababu, aghalabu huambiwa ama kwamba njia ni ndefu, ama kwamba mgeni atafutaye mapumziko na tiba ya maji hutaka maji ya chumvi, na ziwa lile ni la maji baridi. Jibu la kwanza lina ukweli kidogo. La pili halina ukweli hata chembe, kwa maana chini ya mlima Homa na karibu na mji wa Kendu Bay yako maji ya magadi na maji ya moto ambayo wenyeji wameyaendea kwa ajili ya siha zao vizazi kwa vizazi, pasipo hoteli, pasipo karani wa kupokea wageni, na pasipo bei.

La kwanza katika hayo ni ziwa dogo la Simbi, ambalo eneo lake halifiki hekta 30, nalo limekaa ndani ya shimo la volkano karibu na ziwa kubwa bila mto uingiao wala mto utokao. Maji yake ni mazito kwa magadi, rangi yake ni kijani iliyokolea kwa sababu ya mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho mmoja mmoja, na mwani huo ndio uwaitao heroe kuja kwa makundi na kuzipaka kingo zake rangi ya waridi. Wajaluo wa Karachuonyo husimulia kwamba mahali pale palikuwa kijiji, na kwamba usiku mmoja wa mvua alipita ajuza mchovu akaomba hifadhi, watu wakiwa katika karamu na ngoma, wakamfukuza kwa dharau; mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akamwotesha moto, naye akaambiwa atoke upesi pamoja na watu wake, kisha mvua ikazidi, ardhi ikadidimia, na kijiji kizima kikamezwa. Wasimulizi hawaafikiani katika kila jambo la hikaya hii, bali wote wanakubaliana katika lile kubwa, kwamba maji yale yalikuja kuwa adhabu ya waliomnyima mgeni mahali pa kupumzika. Na sijui hikaya nyingine iwezayo kutundikwa ukutani mwa hoteli kwa haki kuliko hiyo.

Lakini maji yaliyokuja kwa laana hayakuachwa yabaki laana. Watu wenye upele na magonjwa mengine ya ngozi huenda kuoga Simbi, na udongo wa magadi wa nchi ile, uitwao bala, hukusanywa ili ng'ombe walambe wapate nguvu na kuongeza hamu ya malisho. Ukielekea magharibi, kwenye miteremko ya mlima Homa wenyewe, ambao kilele chake hupita mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, utazikuta chemchemi za maji ya moto, na mashuhuri kupita zote ni zile za Abundu, ambapo mvuke hupanda kutoka ardhini na maji mengine ni ya moto mno hata mtu asipoyapoza hawezi kuyatia mkono. Mlima huo ni volkano iliyokwisha kuzimika, wala si volkano ya kawaida, kwani mawe yake mengi ni ya namna adimu yenye asili ya chokaa iliyotoka tumboni mwa ardhi ikiwa imeyeyuka. Moto uliosalia chini ndio upashao maji yale joto, na madini ya mwamba ndiyo yatiayo maji ladha yake. Katika miaka ya 1930 Louis Leakey alichimba Kanam na Kanjera, chini ya mlima huohuo, akatafuta mifupa ya watu wa kale, na wataalamu waliomfuata wameonyesha kwamba wanadamu na jamaa zao walitengeneza zana za mawe katika rasi hiyo zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Ikiwa walikuja kwa ajili ya maji, nani atawalaumu?

Huko Abundu mwenye maumivu ya viungo hukaa majini muda, hutoka, hupumzika kivulini, hurudi tena. Nayo ndiyo kanuni ileile ambayo watu wa Ulaya waliiandikia vitabu. Richard Russell, tabibu wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1750 risala kwa Kilatini juu ya kutibu tezi kwa maji ya bahari, wagonjwa matajiri wakamfuata Brighton, na kijiji cha wavuvi kikageuka mji wa anasa. Na huko Roscoff, katika Ufaransa, Louis Bagot alifungua mwaka 1899 nyumba ya kutibu watu kwa maji ya bahari yaliyopashwa moto. Karibu nasi zaidi, Seyyid Said alijenga mabirika ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na Seyyid Barghash akawajengea watu wa mjini Unguja hamamu ya Hamamni, ambako aliyeweza kulipa alioga. Tofauti baina ya hayo na Abundu haimo katika hekima, imo katika ukuta: pale Unguja na Roscoff palijengwa chumba na mlango, na mlango ukapata bawabu.

Kwa nini basi hapakujengwa ukuta Homa? Kwa rai yangu sababu kubwa ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na haki. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yalienea kandokando ya ziwa, yakaua Uganda watu zaidi ya laki mbili, na yakavuka kuingia sahili ya Nyanza. Visiwa na fukwe ambazo leo tungeziita mandhari ya kupendeza zilikuwa maskani ya mbung'o na kaburi la jamaa nzima. Mwaka 1911 Felix Oswald, mtaalamu wa miamba, alitumwa na jumba la makumbusho la London kwenda Karungu, katika Migori ya leo, kuchimba mifupa ya wanyama wa kale, na kitabu alichokichapisha mwaka 1915 alikipa jina lenye kutaja nchi ya malale, kana kwamba hapakuwa na sifa nyingine ya kuitambulisha. Mwezi Septemba 1914 ghuba hiyohiyo ya Karungu ilishuhudia meli za Waingereza na Wajerumani zikirushiana risasi. Bonde la Lambwe lilibaki na mbung'o wake muda mrefu baada ya hapo, ndilo lililotengwa mwaka 1966 kuwa hifadhi ya wanyama, na tangu 1983 ni mbuga ya taifa ya Ruma, makao ya swala korongo. Ongeza kichocho katika maji matulivu ya pwani, ongeza malaria, mamba na viboko, nawe utaona kwamba kumshauri mgeni avue nguo ajitupe ziwani kungekuwa ukarimu wa namna ya ajabu.

Hata hivyo watu walikuja, ila hawakuja kustarehe. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, meli Winifred ikaanza kuelea mwaka 1902, na bandari ndogo za Kendu Bay, Homa Bay na Karungu zikaunganishwa na biashara ya bahari ya Hindi kwa njia ya moshi. Wafanyabiashara Waislamu wa asili ya Kiarabu na ya pwani walikaa Kendu Bay, wakajenga msikiti uitwao Tawakal ambao ungali unasimama, nao walileta pamoja na bidhaa zao desturi ya kulitazama josho kuwa ni sehemu ya utu. Upande mwingine wa mji, mwaka 1906, Arthur Carscallen, mmisionari Mkanada wa Kanisa la Waadventista, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, alianzisha misheni ya Gendia. Hapa tarikhi imefanya jambo la kupendeza: madhehebu yale, kupitia John Harvey Kellogg na hospitali yake ya Battle Creek katika Marekani, yalikuwa miongoni mwa waliotukuza zaidi tiba ya maji ya moto na baridi, vitambaa vya mvuke na kuoga kwa utaratibu, na watu wake wakapiga kambi mwendo mfupi tu kutoka Simbi, kisha wakajenga hospitali ambayo ingali inatibu watu.

Wakati huohuo hoteli ziliota pwani ya bahari. Malindi walifungua Brady's mwaka 1932, Lawford's ikafuata baada ya muda mfupi, na Nyali Beach Hotel ikafunguliwa mwaka 1946; walowezi wa nyanda za juu waliposhuka kutafuta joto, walishuka mashariki. Nyanza ya kusini ilipata hoteli ya watalii baadaye, katika mji wa Homa Bay ukingoni mwa ziwa, kisha nyumba za kifahari za Rusinga na Mfangano, ambazo wageni wake huletwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara kuvua sangara, samaki aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita. Na hapa nathubutu kusema kwamba hoteli hizo, kwa uzuri wote wa bustani zake, ziliupa mlima mgongo: ziliuza machweo na samaki, wala hazikuuza, wala hazikulinda, kile ambacho nchi ile hasa ilikuwa nacho.

Leo malale yamepungua mno, barabara ya lami hufika Homa Bay na Migori, na serikali za kaunti zilizozaliwa mwaka 2013 husema kila mara juu ya utalii. Hoteli yenye mabirika ya maji ya madini, ambamo watu watakandwa kwa udongo wa magadi, haiko mbali tena. Simbi imetangazwa tangu mwaka 2000 kuwa hifadhi kwa ajili ya ndege wake, na kwa hiyo ina ngao kidogo. Abundu haina ngao ya namna hiyo. Basi enyi madiwani na wazee wa Karachuonyo, kabla ya hati ya ardhi kuandikwa kwa jina la kampuni yoyote, andikeni kwanza sheria ndogo yenye kusema kwamba mgonjwa wa kijiji ataoga katika chemchemi zile bila malipo na bila kuomba ruhusa, kama walivyooga babu zake.