Ndege za maji za ziwa Tanganyika, 1916: viongozi wake na watu waliopotea

Vita kuu ya kwanza ya dunia (1914–1918) ilipigwa pia kwenye ziwa Tanganyika, mashariki ya Kasongo na Kabambare. Ng'ambo, Kigoma, kulikuwa Wajerumani. Upande wetu, Kalemie, wakati ule Albertville, kulikuwa Wabelgiji. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta huko ndege nne zinazoruka kutoka majini. Ndizo ndege za kwanza za vita katika Kongo.

Kwa nini ndege? Wajerumani walikuwa na masua kubwa, Graf von Götzen, yenye urefu wa zaidi ya mita 60. Juu yake walifunga mzinga mzito uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoharibiwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Waingereza walikuwa wamefikisha mashua mbili ndogo zenye moteri, Mimi na Toutou. Hizo zilikamata Kingani mwezi wa 12, 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa mwezi wa 2, 1916. Lakini mkubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, hakukubali kuishambulia Götzen. Basi ikabaki kuipiga kutoka juu.

Ndege zenyewe, aina ya Short, ziliazimwa kutoka jeshi la maji la Uingereza. Zilifika Matadi zikiwa vipande ndani ya masanduku. Zikapanda treni mpaka Kinshasa, masua mpaka Kisangani, treni mpaka Ubundu, masua tena mpaka Kindu. Toka Kindu zikachukua ile reli ya Kibombo mpaka Kongolo, halafu Kabalo na Kalemie. Kwa hiyo mali hiyo ya vita ilipita ndani ya Maniema yetu.

Viongozi walikuwa nani?

Ulinzi wa ziwa, upande wa Wabelgiji, ulikuwa chini ya Georges Moulaert. Kikosi cha ndege kiliongozwa na De Bueger. Mawimbi ya ziwa kubwa yangeweza kuvunja ndege wakati wa kuruka au kutua, kwa hiyo kambi iliwekwa kwenye ziwa dogo la Tongwe, karibu na Mtoa, ambako maji yametulia. Uamuzi huo ulikuwa na maana kama ushujaa wa angani, maana ndege ikivunjika, nyingine isingepatikana upesi.

Rubani aliyetangulia ni Aimé Behaeghe, Mbelgiji aliyezaliwa 1890. Yeye ndiye aliyejaribu ndege mwezi wa 5, 1916. Tarehe 10 mwezi wa 6, yeye na mwenzake Collignon wakavuka ziwa, wakaangusha mabomu Kigoma kwenye Götzen. Tarehe 26 mwezi wa 7, wakati jeshi la nchi kavu lilikuwa linakaribia, Wajerumani walizamisha Götzen wao wenyewe. Baadaye Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Watu walipotea namna gani?

Behaeghe hakufa kwa risasi. Aliugua, akafariki Niemba, kwenye reli ya Kalemie, tarehe 3 mwezi wa 12, 1916. Alikuwa na miaka 26 hivi.

Kwenye Rufiji pia mambo yalifanana. Rubani John Cull na mwenzake Arnold walipigwa na mizinga ya Königsberg mwezi wa 7, 1915, wakaanguka majini, lakini wakapona. Kumbe Kamanda Richard Bridgeman, mkubwa wa jeshi la maji la Uingereza aliyepanda ndege yeye mwenyewe, alikufa mwezi wa 1, 1917, baada ya moteri kuharibika juu ya delta. Rubani wake, Edwin Moon, akakamatwa. Moteri dhaifu, maji na homa vilikuwa hatari kama bunduki, na kiongozi aliyeruka mbele aliingia katika hatari ileile ya wanaomfuata.

Na waliobeba mizigo?

Petroli, mabomu, risasi na chakula havikusafiri vyenyewe. Pale ambapo treni na masua viliishia, kulikuwa mabega ya watu. Kwa vita nzima ya mashariki, Kongo ya Wabelgiji ilitoa wapagazi karibu 260,000, na maelfu kati yao walikufa kwa njaa, baridi ya milimani, kuhara na kuchoka. Mwaka 1917 serikali ya koloni ikatoa amri ya kilimo cha lazima, na katika Maniema mpunga ukawa moja ya mazao ya lazima. Hivi, hata aliyebaki kijijini alibeba mzigo wake.

Jina la Behaeghe liliandikwa, na tarehe ya kifo chake inajulikana. Wapagazi wengi walihesabiwa tu kwa jumla. Familia yenye habari ya babu aliyepelekwa kubeba mizigo katika vita ya Wajerumani ifanye vizuri kuiandika sasa: jina lake, kijiji chake, njia aliyopita, na kama alirudi.