Bustani ya uani Mombasa: Chunguza udongo na maji kabla ya kutia mbegu

MVUA za masika zinapoanza kunyesha mwishoni mwa Machi, nyua nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe huchipuka mchicha hata pasipo mtu kuupanda. Ndiyo sababu baadhi ya wakazi hudhani kwamba bustani ya nyumbani haihitaji maarifa makubwa. Hata hivyo, sehemu hizi tatu za Mombasa zilizo nje ya kisiwa hazilingani kwa udongo wala kwa maji, na anayepuuza tofauti hizo aghalabu huvuna hasara na, wakati mwingine, maradhi.

Likoni na Kisauni, hasa karibu na pwani, zina mchanga na mawe ya matumbawe. Maji hupenya upesi na kuondoka na rutuba, hivyo shamba dogo huhitaji samadi iliyooza vyema na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ili kuhifadhi unyevu. Changamwe, kwa upande wake, ina sehemu nyingi za udongo mzito wa mfinyanzi ambao hutuamisha maji wakati wa masika. Huko inafaa kupanda juu ya matuta yaliyoinuliwa.

Lakini lipo swali zito zaidi, nalo ni kazi iliyofanyika juu ya udongo huo miaka ya nyuma. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, jirani na Changamwe, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2014 kiliacha madini ya risasi katika udongo na katika damu ya wakazi. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Risasi haiozi. Hubaki ardhini kwa miaka mingi, hushikamana na mizizi na majani ya mboga, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto anayekua.

Kwa hivyo, aishiye karibu na gereji, mahali pa kuvunjia betri, jaa la zamani au barabara ya malori asipande moja kwa moja ardhini. Njia iliyo salama ni gunia. Udongo uletwe kutoka mahali panapojulikana kuwa safi, uchanganywe na samadi, kisha utiwe guniani kuzunguka mkebe usio na kitako uliojazwa kokoto. Mkebe huvutwa juu kila udongo unapopanda, na kokoto zilizobaki katikati hupitisha maji hadi chini. Miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia moja huchukua nafasi ndogo mno, jambo la manufaa kwa mpangaji asiye na ua.

Mchicha na kunde hupandwa mwanzoni mwa masika, kabla ya mvua nzito za Mei kuipiga miche. Mchicha huvunwa baada ya majuma matatu au manne. Nyanya zisubiri mvua ipungue, kwa sababu unyevu mwingi huziletea ukungu. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, huwa na ubaridi kidogo na ndiyo inayoifaa sukumawiki, mboga ambayo kwa kweli haikuzoea joto la pwani. Kiangazi cha Januari na Februari huvumiliwa na mabenda, mihogo na mlonge.

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na hukatika mara kwa mara. Wakazi huyahifadhi kwa mapipa, na hapo huzaliana mbu anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi na chikungunya, ugonjwa uliozuka Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018. (Jina hilo ni la Kimakonde, na laeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu.) Pipa lifunikwe na kusuguliwa ndani kila juma, sahani za chini ya vyungu na matairi makuukuu yamwagwe maji. Maji ya kisima chenye chumvi huua maharagwe, ingawa mchicha huyastahimili kiasi. Yatokayo kisima kilicho karibu na choo yasinyunyiziwe mboga zitakazoliwa mbichi.

Jikoni, desturi ya kupika mboga kwa tui la nazi ina faida, kwani mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A. Ndimu huongeza ufyonzaji wa madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huupunguza. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vyema, kwa kuwa kikiwa kibichi kina sumu.

Wapo pia viumbe wa uani. Chura, mjusi na kinyonga hula wadudu waharibifu; kinyonga huuawa bure kwa hofu tu, kwani hana sumu. Konokono wakubwa waokotwe usiku au alfajiri, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Msumbufu kuliko wote ni kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa katika miaka ya 1940. Hula mayai na makinda ya ndege wa asili, wakiwemo wale wanaokula viwavi bustanini. Mnamo Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Mkazi asijaribu kuwatilia sumu mwenyewe, maana paka na kuku ndio watakaokufa kwanza. Afunike taka, atandaze wavu mkuukuu wa uvuvi juu ya miche, na awaweke vifaranga bandani hadi wakue.