Kwa nini diski ya SSD hupoteza kasi nyumbani

MTU anayefanyia kazi nyumbani Lukenya, katika Kaunti ya Machakos, yuko takriban kilomita 40 kutoka kwa mafundi wa katikati ya Nairobi. Kompyuta inapoanza kujikokota, wengi hununua diski mpya kabla ya kujua kiini cha tatizo. Mara nyingi pesa hizo hupotea bure.

SSD haina sahani inayozunguka. Habari hukaa kama chaji ya umeme ndani ya seli, ambazo huandikwa ukurasa kwa ukurasa lakini hufutwa kwa mafungu makubwa. Diski ikikaribia kujaa, kidhibiti chake hulazimika kuhamisha habari kwanza ili kulisafisha fungu moja, na uhamisho huo ndio mtumiaji huuona kama uzito. Dawa ya kwanza basi haihitaji fundi: asilimia 15 hadi 20 ya nafasi iachwe wazi. Katika kompyuta za mitumba zenye diski ya gigabaiti 128, Windows humeza sehemu kubwa, na video za simu humalizia iliyobaki.

Pili ni TRIM, amri inayoiarifu diski ni kurasa zipi hazihitajiki tena. Imo katika Windows tangu toleo la 7 la mwaka 2009. Ili kuikagua, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 lamaanisha inafanya kazi, 1, imezimwa. Ule ushauri wa kale wa kupanga upya vipande vya faili ulizifaa diski za kuzunguka. Kwa SSD hula umri wa seli tu.

Tundu la SATA la kizazi cha tatu hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde, na diski nzuri hufikia megabaiti 550 hivi. Kwenye kompyuta kuukuu yenye tundu la kizazi cha pili, diski iyo hiyo haitapita sana 280. Huo si ugonjwa.

Diski inayoanza kunakili kwa kasi kisha ikalegea yaelekea ni ya bei nafuu, ambayo kashe yake imejaa. Ikilegea baada ya kazi ndefu, hasa mchana wa jua kali chini ya paa la mabati, shuku joto: SSD nyingi hujipunguzia kasi ili zisiungue. Vumbi la nyanda hizi huziba feni upesi, kwa hiyo isafishwe.

Wakati mwingine kosa ni la kiwandani. Mwaka 2014, watumiaji wa Samsung 840 EVO waligundua kwamba faili za zamani zilisomeka polepole mno. Kampuni ilitoa programu-tumizi ya kurekebisha Oktoba mwaka huo, kisha nyingine 2015. Marekebisho ya aina hii yasifanywe bila nakala ya habari zote, wala pasipo betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya shughuli, diski yaweza kufa.

Programu ya bure kama CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski. Iwapo faili zinagoma kufunguka, au diski hutoweka na kurejea, acha kutafuta kasi na unakili picha na hati za familia siku hiyo hiyo. TRIM ikishafuta, hata fundi hodari huwa hana cha kuokoa.