Orodha ya ubaoni: mgawo wa nafasi za sekondari Rwanda na Burundi

 

Safari hii tunaandika juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua: orodha. Orodha ya waliopata nafasi sekondari, orodha ya waliopata ufadhili wa masomo. Unaenda ubaoni, unatafuta jina lako mara mbili, mara tatu, halipo. Ukiuliza unaambiwa nafasi za watu wa nchi yenu zimejaa. Sasa tukajiuliza, huu mtindo wa kuhesabu watoto kwa asili yao kabla ya kuhesabu alama zao, katika ukanda wetu ulianzia wapi? Tulianza na Rwanda na Burundi, maana kambini wengi wetu tumetoka huko au tumepakana kibanda na waliotoka huko. Nakivale yenyewe, hapa Uganda, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia. Wapo wazee ambao habari hii si historia kwao, ni maisha yao.

Tuanzie Astrida, mji unaoitwa Butare au Huye. Mabruda wa Upendo walifungua pale Groupe Scolaire, shule ya kuwatayarisha makarani, wasaidizi wa waganga, na machifu wa utawala wa Ubelgiji. Ilikuwa shule ya watawa, lakini serikali ya mkoloni ndo iliyojua inataka watu gani watoke pale. Mwaka 1932 waliingia Watutsi 45 na Wahutu 9. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuandika asilimia. Ukitaka watoto wa machifu, na machifu umeshaamua watoke upande mmoja, mlango unajifunga wenyewe.

Kijana wa Kihutu mwenye akili alikwenda wapi? Wengi walikwenda seminari. Huko mapadri walipokea watoto ambao serikali haikuwahitaji. Grégoire Kayibanda, aliyekuja kuwa rais, alipitia seminari ya Nyakibanda. Tunaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu litajirudia: mlango wa serikali ukifungwa, watu wanatafuta mlango wa pembeni, na mara nyingi mlango huo unakuwa wa kanisa au wa shule ya kulipia.

Mwaka 1957 Kayibanda na wenzake waliandika ile waraka inayoitwa Manifesto ya Bahutu. Kati ya malalamiko yao, shule ilikuwamo, na tuseme ukweli, lalamiko hilo lilikuwa la haki. Lakini waraka huohuo ulikataa kufutwa kwa neno la kabila, ubwoko, kwenye vitambulisho ambavyo Wabelgiji walikuwa wamevileta miaka ya 1930. Hoja yao ilikuwa kwamba bila neno hilo hesabu ya nani anaonewa haitaonekana. Inaeleweka. Ila ukishaacha kalamu na rejesta mezani, anayekuja baada yako ataitumia kwa hesabu zake mwenyewe.

Na ilitumika. Baada ya mapinduzi yaliyoanza 1959 na uhuru wa 1962, utawala ulihama upande, kitambulisho kikabaki. Mwanzoni mwa 1973, kwenye Chuo Kikuu cha Butare na katika shule za sekondari, ziliwekwa ubaoni orodha za majina ya Watutsi wanaotakiwa kuondoka. Hebu fikiria: orodha ya kutoka badala ya orodha ya kuingia. Wanafunzi wengi walivuka kwenda Burundi, Zaire na Uganda. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo Jenerali Juvénal Habyarimana akachukua nchi, akiahidi utulivu.

Utulivu wake shuleni uliitwa iringaniza, yaani kusawazisha. Neno zuri kabisa. Maana yake ilikuwa kwamba nafasi zigawanywe kwa uwiano wa makabila na mikoa katika idadi ya watu. Watutsi wakawekewa kama asilimia 9 au 10. Sheria ya elimu ya 1985 ikayaandika wazi yale ya kuangaliwa mtoto anapotoka msingi kwenda sekondari: alama, kabila, mkoa, jinsia. Hata shule za kanisa zilizolipiwa walimu na serikali zilipokea wanafunzi kutoka orodha ya wizara. Padri mkuu wa shule angeweza kumjua mtoto wa parokia yake kuwa ni wa kwanza darasani, na bado asimpate.

Kazi hii ya kuhesabu ilianzia chini kabisa, darasani. Mwalimu anasema Wahutu simameni, Watutsi simameni, Watwa simameni, anaandika. Wapo watoto ambao siku hiyo ndo walijua kwa mara ya kwanza wao ni nani, wakaulizia nyumbani jioni. Wapo waliosimama na kundi lisilo lao wakachekwa. Hili tumelisikia kwa wazee wa pande zote mbili, na limeandikwa pia na watafiti wengi. Wapo pia wazazi waliotafuta njia ya kubadilisha kitambulisho ili mtoto asome. Msiwahukumu haraka.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote, na ambalo watu wanalipita. Katika miaka ya 1980, katika watoto kumi waliomaliza shule ya msingi Rwanda, hata mmoja kamili hakupata nafasi katika sekondari ya serikali. Chini ya mmoja! Piga hesabu mwenyewe. Ukiwatoa Watutsi wote kwenye foleni, bado watoto wengi kabisa wa Kihutu wangebaki nje. Na walibaki. Juu ya hapo kulikuwa na mgawo wa mikoa, na watu wa kusini, Butare na Gitarama, walilalamika kwamba Gisenyi na Ruhengeri, nyumbani kwa wakubwa wa serikali, ndo walionenepa. Kwa hiyo mkulima wa Kihutu wa Gitarama aliambiwa nchi imesawazishwa kwa faida yake, na mwanawe akarudi kulima naye. Mgawo ulimpa mtu wa kumlaumu, haukumpa darasa.

Ndipo wazazi wakaanza kujijengea. Vyama vya wazazi vilifungua sekondari za kulipia, kama APACE na APADE pale Kigali. Waliokwenda huko walikuwa mchanganyiko: watoto wa Kitutsi waliozidi asilimia yao, watoto wa kusini, na watoto wa wakubwa waliofeli. Mgawo ulikuwa umewatenganisha, karo ikawaweka dawati moja. Lakini karo nayo ni kipimo. Mtutsi mwenye duka mjini alipata pa kumpeleka mtoto. Mtutsi wa kijijini hakupata, sawasawa na jirani yake Mhutu. Wengine waliwavusha watoto kwenda kusoma Goma, Bukavu au Bujumbura. Huko Bujumbura wakimbizi wa Rwanda walikuwa na sekondari yao, Collège Saint-Albert. Ndiyo, wakimbizi wakiendesha sekondari. Wale wanaotuambia kwamba mkimbizi anangoja tu mgao wa mahindi, wasome habari hiyo.

Na wale walioko nje waliotaka kurudi nyumbani, serikali ya Habyarimana iliwajibu kwamba nchi ndogo, imejaa. Shuleni nafasi hakuna, na nchini pia nafasi hakuna. Vita ilianza Oktoba 1990, na mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambapo kitambulisho kilekile chenye neno la kabila kiliulizwa kwenye vizuizi barabarani. Hatusemi mgawo wa shule ndio ulioyaleta mauaji. Tunasema uliwazoeza watu kusimama kwa makundi wanapoitwa.

Burundi ilikuwa kinyume, na kwa namna fulani ngumu zaidi kuielezea, kwa sababu hakuna karatasi. Mwaka 1972 wasomi wa Kihutu waliuawa, na wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu walichukuliwa shuleni na hawakurudi. Waliopona wakajaza Tanzania, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baada ya hapo wazazi wengi wa Kihutu waliogopa kumpeleka mtoto sekondari kabisa. Kuna mgawo gani mkali kuliko hofu ya mama? Wazee wa Burundi wanasimulia pia habari ya herufi "i" na "u" zilizowekwa kwenye karatasi za mtihani kuwatambua watoto. Serikali rasmi haikuwa ikitaja makabila hata kidogo. Na mwaka 1986, serikali ya Bagaza ikigombana na Kanisa, vituo vya Yaga Mukama, ambako watoto wa vijijini walijifunza dini na kusoma na kuandika, vikapigwa marufuku. Mlango wa pembeni nao ukafungwa.

Tukilinganisha, Rwanda asilimia iliandikwa, Burundi haikuandikwa, na mtoto aliyeachwa nje alikuwa yuleyule. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema dawa ni kutotaja makundi tu, mambo yatajirekebisha. Hatukubaliani pia na wanaosema mgawo wowote ni ubaya. Mgawo wa wasichana, kwa mfano, tunautetea, kwa sababu tunaona dada zetu wanaondolewa shule kabla ya mtihani. Tunachouliza ni mambo mawili. Je, alama za kila mtu zimebandikwa ubaoni pamoja na sababu? Na je, kuna anayehangaika kuongeza viti, au wote tumeshughulika kugawana vilivyopo?

Maana viti ni vichache mno. UNHCR yenyewe ilisema mwaka 2023 kwamba duniani ni kama asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi waliokuwa vyuo vya juu. Kambini Wakongo wanasema Warundi wamependelewa, Warundi wanasema Wasudani, wenyeji wanasema sisi sote. Kaka na dada wa mashirika, mkileta fomu yenye kisanduku cha uraia, tuambieni kisanduku hicho kitafanya kazi gani na nani atakisoma.

Tunakusanya ushahidi kwa ajili ya sehemu ya pili. Kama nyumbani kuna mzee aliyetunza buletini ya shule ya miaka hiyo, ya Rwanda, Burundi au Zaire, mwombe akuruhusu uipige picha, ufunike jina lake, kisha umuulize maswali matatu: alipata alama ngapi, alipelekwa wapi, na nani alikaa kwenye dawati ambalo yeye alilikosa. La tatu wengi wanalijua jibu lake. Mara nyingi ni rafiki yao.