Kipimo na Cheo: Wanawake Katika Kikosi cha Zimamoto cha New York

Habari za wanawake waliozima moto ni za kale kuliko habari za wanawake walioajiriwa kuzima moto. Mambo mawili haya hayana budi kutengwa, kwani kusaidia siku ya msiba ni jambo moja, na kupewa kazi hiyo kwa mshahara, kwa kiapo na kwa cheo ni jambo jingine. Makala hii yaeleza jinsi jambo la pili lilivyopatikana katika mji wa New York, ambako ubishi wake ulikuwa mkali na kumbukumbu zake za mahakamani zi wazi. Katika habari hizo yaonekana kwamba kipimo cha kuingilia kazini na ngazi ya vyeo havitengani: asiyeingia hapandi, na asiyepanda hana neno katika kuamua nani aingie.

Jina la kwanza likumbukwalo katika mji huo ni la Molly Williams. Mwanamke huyu Mwafrika alikuwa mtumwa katika nyumba ya Benjamin Aymar, mfanyabiashara aliyekuwa pia katika kikosi cha kujitolea kilichoitwa Oceanus Engine Company No. 11. Yasimuliwa kwamba mwaka wa 1818, theluji ikiwa imeufunika mji na wanaume wengi wa kikosi wakiwa wagonjwa, Molly alishika kamba pamoja na wachache waliobaki, akalikokota gari la bomba mpaka penye moto, naye amevaa gauni lake la kazi na aproni. Wanaume wakamsifu kuwa ni mwenzao wa Nambari 11. Walakini sifa hiyo haikumfungulia njia mwanamke mwingine. Mwaka wa 1865 vikosi vya kujitolea vya New York vilipokomeshwa na mahali pake pakawekwa watu wa mshahara, kazi hiyo ilikuwa ya wanaume peke yao, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka mia.

Mambo kama hayo yalitokea kwingineko. Huko San Francisco, Lillie Hitchcock Coit, binti wa watu wenye nafasi, alipewa mwaka wa 1863 uanachama wa heshima katika kikosi cha Knickerbocker No. 5, kwa sababu ya mapenzi yake makubwa kwa kazi hiyo tangu utoto. Huko Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya wanawake waliandikwa katika idara ya zimamoto, wakishika simu, wakipeleka habari na kuendesha magari. Mmoja wao, Gillian Tanner, aliendesha lori lililojaa petroli usiku wa mwezi wa Septemba 1940, mabomu yakianguka katika mtaa wa Bermondsey, ili pampu za wazimamoto zisikaukiwe. Akapewa Nishani ya George kwa ushujaa wake. Vita vilipokwisha, wengi wa wanawake hao walirudishwa nyumbani. Basi desturi ikawa moja kila mahali: hitaji likizidi, mwanamke huitwa; hitaji likipungua, huagwa kwa shukrani. Kilichokosekana hakikuwa ushujaa. Kilichokosekana ni haki ya kudumu kazini.

Haki hiyo ilitokana na sheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka wa 1964 ilikataza waajiri kubagua watu kwa sababu ya rangi, dini, asili au jinsia. Hapo mwanzo sehemu yake ihusuyo ajira haikuzifunga serikali za majimbo na miji, na vikosi vya zimamoto vilikuwa mikononi mwa serikali hizo. Mwaka wa 1972 Bunge la nchi hiyo lilipanua sheria ili iwafikie waajiri hao pia. Matokeo hayakukawia. Mwaka wa 1974 wilaya ya Arlington, katika jimbo la Virginia, ilimwajiri Judith Livers, ambaye huhesabiwa na wengi kuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuajiriwa kwa mshahara kuwa mzimamoto kamili wa mjini. Livers, ambaye baadaye aliitwa Brewer, alidumu kazini hata akafikia cheo cha mkuu wa batalioni, na akastaafu mwaka wa 1999.

Huko New York mambo hayakwenda kwa utulivu huo. Mtihani wa kuingia kikosini ulifunguliwa kwa wanawake kwa mara ya kwanza mwaka wa 1977. Mamia kati yao wakafaulu sehemu ya maandishi. Mwaka uliofuata ikaja sehemu ya nguvu za mwili, na katika wanawake waliojaribu hakufaulu hata mmoja. Mmoja wa walioshindwa alikuwa Brenda Berkman, aliyekuwa akisomea sheria. Alipoona kwamba hakuna njia nyingine, alifungua mashtaka mwaka wa 1979 katika mahakama ya serikali kuu, kwa niaba yake na ya wanawake wenziwe.

Hoja ya mashtaka hayo yafaa ielezwe kwa uangalifu, kwani mara nyingi imepotoshwa. Berkman hakudai kwamba kazi ya kuzima moto ni nyepesi, wala hakuomba wadhaifu waingizwe kwa huruma. Mzimamoto huvaa mavazi mazito na kubeba mtungi wa hewa mgongoni, hupanda ngazi akivuta mpira uliojaa maji, huvunja milango na dari, na pengine humtoa mtu aliyezimia. Hoja ilikuwa hii: je, mtihani ule ulipima kazi hiyo, au ulipima jambo jingine? Watahiniwa walitakiwa, miongoni mwa mambo mengine, kubeba sanamu la mtu kupanda na kushuka ngazi, kukamua chombo cha kupimia nguvu za kiganja, kuruka kwa miguu miwili, kuning'inia kwenye mti na kukimbia maili moja. Yapo katika hayo yanayofanana na kazi, na yapo yasiyofanana nayo hata kidogo. Tena ndani ya nyumba inayoungua moshi huelea juu na hewa yenye nafuu hubaki karibu na sakafu. Kwa hiyo mara nyingi aliyezimia huburutwa chini, wala habebwi begani. Pishi hupima nafaka, haipimi nguo.

Hakimu Charles Sifton alitoa hukumu mwaka wa 1982. Alisema kwamba mji haukuthibitisha uhusiano wa mtihani huo na kazi yenyewe, na kwa kuwa ulikuwa ukiwafungia nje wanawake wote, ulivunja sheria. Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka wa 1983. Mtihani mwingine ulitungwa, na mwaka wa 1982 wanawake wapatao 40 wakaingia katika chuo cha wazimamoto cha New York, wa kwanza tangu kazi hiyo ianze kulipwa mshahara.

Lakini mlango wa chuo si mlango wa kituo. Katika vituo vya New York wazimamoto huishi pamoja kwa zamu ndefu. Hununua chakula kwa mchango, hupika na kula meza moja. Mezani hapo ndipo mgeni hufundishwa kazi kwa maneno ya wakongwe, na ndipo apatapo imani ya wenziwe. Wanawake wengi walikatazwa meza hiyo. Wengine hawakusemezwa kwa miezi, na Berkman alieleza baadaye kwamba hata mitungi ya hewa ya wanawake ilichezewa, jambo linaloweza kumwua mtu ndani ya moshi. Chama cha wazimamoto, ambacho kwa desturi humtetea mwanachama wake, kilikuwa upande wa wapinzani. Muda wa kujaribiwa ulipokwisha mwaka wa 1983, Berkman na mwenziwe Zaida Gonzalez waliachishwa kazi kwa madai kwamba nguvu zao hazikutosha. Wakarudi mahakamani. Hakimu Sifton akaona kwamba uadui waliofanyiwa uliharibu mafunzo yao na hukumu ya wakubwa wao, akaamuru warudishwe kazini kabla mwaka haujakwisha.

Ushindi huo ulikuwa na mpaka wake. Katika mtihani uliofuata, watahiniwa walipangwa kwa kasi yao: aliyemaliza upesi zaidi alitangulia katika orodha ya kuajiriwa. Wanawake walipinga, wakisema kwamba moto hauzimwi kwa dakika chache za mbio, bali kwa ustahimilivu wa saa nyingi, na kwamba mzimamoto mwenye busara hupima pumzi zake. Hakimu Sifton alikubaliana nao, lakini Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu yake mwaka wa 1987, ikisema kwamba mji una haki ya kupendelea wepesi. Hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito wake. Matokeo, hata hivyo, yalikuwa dhahiri: wale wa mwaka wa 1982 walistaafu mmoja mmoja, na warithi wao walikuwa wachache mno. Mwezi wa Septemba 2001, wakati majumba mawili marefu ya New York yaliposhambuliwa na wazimamoto 343 wa mji huo wakafa kwa siku moja, wanawake katika kikosi walikuwa wapatao 25, katika watu zaidi ya 11,000.

Hapo ndipo suala la cheo liingiapo. Katika New York mzimamoto hupanda kuwa luteni, kisha kapteni, kisha mkuu wa batalioni, kwa mitihani ya maandishi iliyo wazi kwa wote wenye miaka ya kazi inayotakiwa. Mtihani wa namna hiyo haujui uso wa mtu, nao uliwafaa wanawake waliovumilia. Rochelle Jones, mmoja wa walioingia mwaka wa 1982, alikuwa mkuu wa batalioni mwaka wa 2003, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho katika kikosi hicho. Berkman mwenyewe alikuwa luteni, kisha kapteni, akastaafu mwaka wa 2006. Lakini ngazi, hata ikiwa imara, haipandishi watu wasiokuwapo chini yake. Katika watu 25 hawatoki maofisa wengi.

Mfano wa San Francisco wathibitisha jambo hilo. Wanawake wa kwanza waliajiriwa huko mwaka wa 1987, baadaye kuliko New York. Lakini mwaka wa 1988 mji ulifungwa na mapatano ya mahakamani yaliyoulazimisha kuajiri na kupandisha vyeo bila ubaguzi, chini ya uangalizi wa hakimu. Baadaye wanawake walifika zaidi ya sehemu moja katika kumi ya kikosi. Joanne Hayes-White aliingia mwaka wa 1990, akapanda cheo baada ya cheo, na mwaka wa 2004 akawa mkuu wa kikosi chote. Alipoondoka mwaka wa 2019, Jeanine Nicholson, naye mwanamke aliyeanza chini kabisa, akashika mahali pake. New York ilimpata kamishna mwanamke wa kwanza, Laura Kavanagh, mwaka wa 2022. Lakini kamishna huko ni kiongozi wa kiraia anayeteuliwa na meya, naye hakuwa mzimamoto aliyepanda kutoka kwenye mpira wa maji. Vyeo viwili hivyo visichanganywe.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya ubishi huo. Neno la Kiingereza lililozoeleka, 'fireman', lina mwanamume ndani yake. Baada ya msiba wa mwaka wa 2001, Berkman alilalamika kwamba magazeti na viongozi walirudia neno hilo katika kila hotuba ya maombolezo, hata wanawake waliochimba vifusi mchana na usiku wakawa kama hawakuwapo. Mwaka wa 2017 kikosi cha London, kikiongozwa na Dany Cotton, mwanamke wa kwanza kuwa kamishna wake, aliyeingia kazini mwaka wa 1988 akiwa na umri wa miaka 18, kiliwaomba waandishi na watu wote waliache neno hilo watumie 'firefighter'.

Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. Mzimamoto ni jina litokanalo na kitenzi 'zima' na jina 'moto', na kiambishi m-, wingi wa-, hutaja mtu bila kusema kama ni mke au mume. Hali kadhalika vyeo vya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, yaani koplo, sajini, mkaguzi, mrakibu na kamishna, havina jinsia. Hata hivyo isidhaniwe kwamba lugha iliyo wazi hufungua milango yenyewe. Neno lisilobagua laweza pia kuficha ubaguzi: mtu akisikia kwamba wazimamoto 30 wamefika penye moto, hajui kama kati yao yumo mwanamke hata mmoja. Neno 'fireman' lilitangaza kosa lake kwa sauti, na kwa hiyo likapata wa kulipinga. 'Mzimamoto' lanyamaza. Kwa msemaji wa Kiswahili, basi, jawabu haliko katika neno, liko katika daftari la waajiriwa na katika orodha ya vyeo.

Habari za New York zafundisha kwamba kila kipimo hutungwa na mtu, na kila mtungaji hupima kwa anachokijua. Wanaume waliotunga mtihani wa mwaka wa 1977 waliijua kazi yao, lakini hawakuwa wamelazimika kuuliza ni nguvu gani hasa inayoitenda. Swali hilo liliulizwa kwa sababu mwanamke mmoja alikwenda mahakamani. Litaendelea kuulizwa bila mahakama pale tu ambapo miongoni mwa wakaao mezani kutunga mtihani unaofuata wamo wanawake waliobeba mtungi wa hewa, wakaingia katika moshi na kutoka, wakapanda ngazi ya vyeo kwa haki yao.