Mtulizo: Jina la Sekunde za Mwisho Kabla Ndege Haijagusa Ardhi

Ndege inayokaribia kiwanja haishuki kwa mwendo uleule mpaka magurudumu yaguse lami. Ikibaki mita 6 hadi 9 juu ya ardhi, kwa ndege kubwa za abiria, rubani huvuta usukani taratibu, pua huinuka nyuzi mbili tatu, nguvu ya injini hupunguzwa, na mwendo wa kushuka hufifia. Kitendo hiki huchukua sekunde chache, lakini ndicho kinachomtesa zaidi anayejifunza kutua kwenye kiigizaji cha urukaji, kiwe mtambo wa chuo cha marubani au programu ya kompyuta ya nyumbani. Kiingereza hukiita flare, neno ambalo pia hutumika kwa moto unaolipuka na kwa sketi inayopanuka chini. Kwa Kiswahili, maelezo yanayokuja upesi mdomoni ni "kuinua pua". Ninaona kwamba maelezo hayo yanampotosha mwanafunzi, kwa sababu yanataja kinachoonekana na kuacha kinachokusudiwa. Istilahi inayofaa ni mtulizo, na sababu zake ziko katika fizikia ya kutua kama zilivyo katika sarufi yetu.

Tuanze na hesabu. Njia ya kawaida ya kushukia huinama nyuzi 3. Ndege kubwa inayokwenda kilomita 260 kwa saa kwenye mwinamo huo hushuka karibu mita 3.8 kila sekunde. Kanuni za kuidhinisha ndege za abiria hudai magurudumu na miguu yake vihimili mgongano wa takribani mita 3 kwa sekunde zikiwa na uzito wa kutua. Kwa hiyo ndege ambayo haikutulizwa hufika ardhini kwa mwendo unaozidi kipimo hicho. Abiria hukaa vizuri zaidi mwendo huo ukishuka hadi kati ya nusu mita na mita 1 kwa sekunde. Kazi yote ya sekunde za mwisho, basi, ni kuupunguza mwendo mmoja tu, ule wa kwenda chini. Pua ni njia ya kufikia hapo: ikiinuka, mabawa hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi na kuzaa nguvu zaidi ya kuibeba ndege. Kitendo kikiitwa kwa jina la pua, njia huwa imekalia kiti cha lengo.

Kiswahili kilikwisha kuliona lengo hilo kabla ya ndege kuwapo. Tua, tulia na tuliza ni vitenzi vya ukoo mmoja: ndege hutua, kisichohangaika tena hutulia, na mwenye kukifanya kitulie hukituliza. Tena kutua si kwa ndege peke yake, kwani mzigo nao hutuliwa. Mtu wa Vudee, kule kwenye miteremko ya Milima ya Upare wilayani Same, anayebeba ndizi au maharage kichwani kwenye njia za mlimani, hauachii mzigo wake uanguke afikapo. Hukunja magoti, huushika kwa mikono miwili, huushusha pole kwa pole, na mwendo wake huwa umekwisha kuisha unapogusa ardhi. Rubani hufanya kazi hiyohiyo. Kutoka tuliza tunapata mtulizo, kama msukumo ulivyotoka sukuma na mgawanyo ulivyotoka gawanya. Tulizo na kitulizo tayari ni vya faraja, kwa hiyo mtulizo hauporwi kazi wala haumpokonyi mwingine yake.

Faida ya jina hili huonekana wazi kwenye kiigizaji. Mwanafunzi aliyeambiwa "inua pua" huinua, na kwa kuwa amri haikumwambia hadi lini, huendelea kuvuta. Akiwa bado na kasi nyingi, ndege hupaa tena. Akiwa na kasi ndogo, mabawa huchoka kuibeba na ndege huanguka kwa kishindo, kisha hudunda. Aliyeambiwa "tuliza mshuko" hutazama mbele, kuelekea mwisho wa njia ya kurukia, aone kama ardhi bado inamjia haraka, na huvuta kwa kiasi kinachohitajika. Kiasi hicho hubadilika. Uwanja wa Kilimanjaro uko takribani mita 890 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Zanzibar uko karibu na usawa wenyewe. Hewa ya Kilimanjaro ni nyepesi, hivyo kasi ileile inayosomeka kwenye saa ya ndege huwa kasi halisi iliyozidi kwa asilimia 4 hadi 5, na mshuko nao huzidi kwa uwiano huo. Aliyekariri mkono wake Zanzibar atachelewa Kilimanjaro, lakini aliyejifunza kuupima mshuko atazoea viwanja vyote viwili.

Wapo watakaosema kwamba lugha ya anga ni Kiingereza, na kwamba Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hudai marubani wa safari za kimataifa wafikie daraja maalumu la lugha. Ni kweli, na dai hilo linahusu mazungumzo ya redio. Mtulizo hautangazwi kwa waongozaji: hutendeka kati ya jicho, mkono na akili, na akili hufundishika upesi kwa lugha inayoimiliki. Wengine watasema tuliza ni neno la kumbembeleza mtoto. Lakini neno rubani lenyewe lilikuwa la mwongoza vyombo vya baharini kabla ya kupewa ndege, wala hakuna anayechanganyikiwa leo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina hili litawafanya wanafunzi waabudu ulaini. Hofu hiyo ina msingi, maana programu nyingi huonyesha namba ya mshuko wakati wa kugusa, na wachezaji hushindana kuifikisha sifuri. Anayeikimbiza sifuri huelea juu ya njia huku mamia ya mita yakipotea nyuma yake, na kwenye lami yenye maji marubani hufundishwa kugusa kwa uthabiti ili matairi yapenye maji na kushika lami. Mahali pa kutua ni muhimu kuliko ulaini: tarehe 18 Desemba 2013 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, iliyokuwa ikienda Kilimanjaro, ilitua Arusha, penye njia ya kurukia ya mita 1,600 hivi badala ya zaidi ya mita 3,500, ikaishia kukwama kwenye nyasi. Watu wote walisalimika, lakini hakuna ulaini ambao ungeifanya ile kuwa mtuo mwema. Hata hivyo, kutuliza si kusimamisha. Anayetuliza maumivu hayafuti, huyafikisha kwenye kiasi kinachovumilika. Neno lenyewe lina mpaka ambao sifuri haina.

Kwa hiyo napendekeza istilahi hii iingie kwenye vitabu vya kufundishia na ipelekwe Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), ikiwa na fasili hii: mtulizo ni kupunguza mwendo wa kushuka wa ndege, muda mfupi kabla ya kugusa ardhi, hadi kiasi ambacho chombo na njia ya kurukia vinaruhusu, bila kupoteza mahali palipokusudiwa kutua. Mwalimu akiitumia, kosa la mwanafunzi litakuwa rahisi kulitaja: ametuliza mapema, amechelewa kutuliza, au ametuliza kupita kiasi. Kila moja ya kauli hizo inamwambia cha kurekebisha katika jaribio linalofuata, jambo ambalo pua peke yake haiwezi kumwambia.