Corfe: ngome iliyofunguliwa kutoka ndani

Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Dorset, kuna magofu juu ya kilima, na minara yake imeinama kana kwamba itaanguka leo. Hii ni ngome ya Corfe. Tunaieleza hapa kwa sababu habari zake mbili kubwa, zilizopishana kwa zaidi ya miaka 660, zote ni za usaliti.

Ya kwanza ni ya mwaka 978, kabla ngome yenyewe haijajengwa. Mfalme Edward, aliyekuwa bado kijana, aliuawa hapo Corfe. Simulizi za baadaye zinamtaja mama yake wa kambo, Ælfthryth: eti Edward alipewa kinywaji akiwa juu ya farasi, kisha akachomwa kisu. Aliyerithi kiti ni Æthelred, mtoto wa mama huyo. Inasimuliwa pia kwamba maiti ilifichwa kwenye kibanda cha mwanamke kipofu, naye usiku uleule akaanza kuona. Edward akaja kuheshimiwa kama mtakatifu.

Ngome ya mawe ilianza kujengwa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mfalme John aliifanya gereza.

Kisha ikaja vita ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Mwaka 1643 mwenye ngome, Sir John Bankes, alikuwa mbali akimtumikia mfalme. Mkewe, Mary, alibaki na mabinti zake, vijakazi na askari wachache. Wanajeshi wa Bunge walipoweka ngazi ukutani, waliporomoshewa mawe na makaa ya moto. Baada ya wiki sita wakaondoka.

Walirudi. Mary alikuwa sasa mjane. Februari 1646 ofisa wake mmoja, Pitman, alijifanya anakwenda kuleta askari wa msaada, kumbe akawaingiza maadui usiku. Inaelezwa kwamba waligeuza makoti nje ndani ili wasitambulike. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Bunge likaamuru ngome ivunjwe. Kuta zilichimbwa chini na kulipuliwa kwa baruti, ndiyo maana minara imeinama hivyo. Wanakijiji wakachukua mawe, wakajengea nyumba zao.

Hadi leo wapo wanaosema kuwa usiku huonekana hapo mwanamke mweupe asiye na kichwa. Huyo hawezi kuwa Mary. Yeye hakukatwa kichwa. Alifariki mwaka 1661, na funguo za ngome alizoachiwa zimetunzwa Kingston Lacy, jumba alilojenga mwanawe Ralph.